Mtu Aliyetumwa Kunusa

Kila amonia ilipoingia Petit Bois, kiwanda cha mbolea kilimtuma Bwana Wendell Pruitt aje kuinusa. Ndivyo utaratibu ulivyokuwa. Mtu wa mtaani anapiga nambari ya malalamiko, anamweleza binti wa simu kwamba macho yanawasha na koo limekuwa kama limepigwa msasa. Baada ya nusu saa, au saa nzima, gari jeupe linasimama mbele ya nyumba yake. Bwana Pruitt anashuka na ubao wake wa kuandikia, anasimama katikati ya ua, anafumba macho, anavuta pumzi tatu ndefu kama mtu anayejiandaa kusali, kisha anaandika. Alichokiandika kilikuwa kilekile siku zote: Harufu, hakuna.

Odile Narcisse alikuwa amepiga nambari hiyo mara nane tangu mwaka uanze, na mara nane hewa ya ua wake ilikuwa imeandikwa safi. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwenye uzio wa kiwanda, chini ya tuta la mto Mississippi. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Miaka thelathini na mmoja alipika katika jiko la shule, na bado hakuwa amejifunza kupika chakula cha watu wawili. Akiweka sufuria motoni, walikula siku tatu. Mtu wa pili alikuwa wifi yake, Verdell, dada wa marehemu mumewe, aliyekuja msibani kukaa wiki mbili. Sasa ilikuwa inakwenda miaka kumi na moja.

Siku ya simu ya tisa, Odile alikuwa anakaanga unga wa gumbo, ule mchuzi mzito wa kwao. Louisiana ukiunguza unga huo huna la kujitetea. Mwanamke anaweza kusamehewa mengine yote kabla ya hilo. Lakini harufu ilikuja ghafla, kali, ya kama choo cha stesheni wakati wa kiangazi, naye akakimbilia nje kuanua nguo zisije zikanywa uvundo. Aliporudi, machozi yakimtiririka, unga ulikuwa umeshakuwa lami. Nyumba nzima ilinuka moto.

Gari jeupe lilifika upepo ukiwa umeshageuka, kama kawaida yake.

"Leo naomba ninusie ndani, Bi Odile," Pruitt alisema mlangoni. "Wenzangu wa ofisini wanasema nipime na ndani pia." Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama mbele kama anayepita chini ya kamba ya nguo.

Odile alimpisha. Verdell alikuwa amesimama kando ya jiko, leso imefungwa puani, akifungua na kufunga mlango wa nyuma ili hewa itoke. Pruitt akasimama katikati ya uvundo ule, akafumba macho, akavuta pumzi zake tatu. Kisha akatabasamu.

"Mchuzi unanukia vizuri kweli," akasema.

Akaandika alichoandika, akaaga, akaenda zake.

Wanawake wawili wakatazamana.

"Wifi, umesikia?" Odile akauliza.

"Nimesikia. Nikadhani anakutania."

"Anitanie, kwani ni shemeji yangu?"

"Basi labda ni adabu. Mgeni hamwambii mwenye nyumba kwamba kaunguza."

"Adabu ina uso wake, Verdell. Mtu anayejikaza utamwona pua imemcheza. Huyu alikuwa mkunjufu kama anayepita mbele ya duka la mikate."

Verdell akafungua leso taratibu. "Unataka kuniambia wametutumia kipofu aje kuangalia picha?"

"Sijasema hivyo. Nasema tumpime."

Walimpima Jumanne iliyofuata. Odile alikuwa na ndoo ya maganda ya kamba, aliyoyaweka kando achemshie supu akayasahau bandani siku nne kwenye joto la Aprili. Alipoifunua, nzi wenyewe walionekana kusita. Akaisukuma chini ya kiti cha barazani, kile chenye mto, akakifunika kwa kitambaa kilichoning'inia hadi sakafuni. Kisha akapiga simu ya malalamiko.

Kabla Pruitt hajafika, jirani yao Clovis Honoré alipita njiani na toroli lake la nyanya. Clovis alikuwa na kifua kibovu, na kikohozi chake ndicho kilikuwa saa ya mtaa: ukikisikia, unajua upepo umetoka kiwandani. Alisimama langoni, akakunja uso.

"Nani kafa hapo kwenu?"

"Pita, Clovis," Odile akamwambia. "Kuna mgeni anakuja."

"Mgeni huyo kafa siku ngapi?"

"Nimesema pita."

Pruitt akaja, akakaribishwa kitini, akapewa kahawa. Alikaa juu ya ndoo ile dakika ishirini. Alisifu kivuli cha baraza. Alisifu maua yaliyopanda nguzo. Akanyoosha miguu, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyeridhika, akasema, "Hapa kwenu pametulia. Mtu anaweza kulala."

Verdell aliingia ndani haraka, aproni ikiwa mdomoni. Kutoka jikoni ikasikika sauti kama ya kuku anayekabwa.

Odile akavuta kiti chake karibu, ingawa kila hatua ya kukaribia ilimgharimu. "Bwana Pruitt, mwanangu," akasema. "Una muda gani hujasikia harufu?"

Pruitt aliangalia kikombe. Akaangalia gari. Odile alikuwa amewahi kuona uso huo mara nyingi dirishani mwa jiko la shule, uso wa mtoto ambaye hajui kusoma na amekuwa akijifanya anasoma orodha ya vyakula mwaka mzima.

"Miaka mitatu," hatimaye akasema. "Ule ugonjwa wa vifua ulipopita. Niliamka asubuhi nikanywa kahawa, ikawa maji ya moto tu. Nikasema itarudi. Haikurudi."

"Na kiwandani wanajua?"

"Nilikuwa kwenye matangi. Mtu asiyesikia amonia haruhusiwi kukaribia matangi, kwa sababu ikivuja atakufa amesimama. Nikaogopa kusema, nikaomba nihamishiwe ofisini. Nikajua ofisini pua haina kazi." Akafuta paji la uso. "Wiki ya kwanza wakanipa kazi ya kunusa."

Kicheko cha Verdell kikavunja mlango. Alitoka hadi ngazini, akakaa, akacheka huku akijipiga mapaja, na Odile naye akashindwa. Pruitt alibaki ameduwaa kidogo, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha akaacha ghafla kama alivyoanza.

"Mtoto wangu ana miaka miwili," akasema. "Mke wangu humnusa kichwani kila asubuhi, ananiambia, hebu njoo unuse. Mimi nakwenda, nanusa, nasema ehe."

Nzi wakavuma chini ya kiti.

Odile alikuwa na mambo mawili moyoni na hayakutaka kukaa pamoja. Huruma ilikuwepo, hakuikana. Lakini pia kulikuwa na karatasi.

"Unajua umetufanya waongo mara ngapi?" akamuuliza.

"Najua, Bi Odile."

"Hujui. Mwezi wa pili Clovis alilazwa siku mbili, pumzi haipandi wala haishuki. Daktari akauliza kiwanda, kiwanda kikatoa karatasi yako. Hewa safi. Clovis akaambiwa aache kuvuta sigara. Clovis hajawahi kuvuta sigara. Hata mahindi ya kuchoma hali, kwa ajili ya moshi."

Pruitt alikishika kile kikombe kwa mikono miwili.

"Simama ukae kile kiti kingine," Odile akasema. "Hicho ulichokalia nimekitega."

Alipoinua kitambaa na kuiona ndoo, Pruitt aliangalia maganda yale kwa muda, akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza Odile akamwona mtu huyo ameona haya kweli.

Odile akaingia ndani, akatoka na kitambaa cha kufutia vyombo. Upande mmoja kilikuwa zambarau, upande mwingine kijani.

"Pua huna," akasema. "Macho unayo?"

Habari ya kitambaa ilikuwa hivi. Siku ya Pasaka Odile alichemsha kabichi zile za zambarau, akamwaga maji, akafuta kwa kitambaa, akakianika. Siku mbili baadaye, asubuhi ya umande, harufu ilipokuja kabla hajaanua, alikikuta kimegeuka kijani kama jani la mgomba. Mwingine angeshangaa, si Odile. Shuleni waliwahi kumwaga maji ya kabichi kwenye ndoo ya dawa ya kusugulia sakafu, ile yenye amonia, na ndoo nzima ikageuka kijani mbele ya macho yao. Wapishi wakaogopa siku hiyo, wakadhani wametengeneza sumu.

"Kikiwa na unyevu," alimweleza Pruitt, "na amonia ikipita, hakichelewi. Kitambaa hiki hakiumwi mafua. Fomu yako ina mahali pa kuandika mengineyo?"

"Kuna kisanduku cha maelezo mengine. Sijawahi kukijaza."

"Kuanzia leo utakijaza. Sisi hatutasema kuhusu pua yako kwa mtu. Wewe utaandika kilichoonwa na macho yako, basi. Na usije nusu saa baadaye. Ukiitwa, njoo kama unaitwa msibani."

Pruitt alitimiza. Wiki tatu mfululizo, chini ya maneno Harufu, hakuna, yakafuata maneno mengine kwa mwandiko safi: Kitambaa cha Bi Narcisse kimegeuka kutoka zambarau kuwa kijani, dakika kumi na mbili. Kitambaa cha Bi Narcisse kimegeuka kijani, dakika saba. Kitambaa cha Bwana Honoré, nyumba ya nne, kijani, dakika tisa. Binti wa ofisini alidhani Pruitt amelewa, ingawa hakuwahi kunywa. Fomu ya sita ilipofika kwa mkurugenzi, Bwana Royce Haldane, alimwita Pruitt, akamwonyesha dirishani kile kipima hewa kilichosimama juu ya nguzo karibu na lango kuu.

"Kile chombo kina cheti," Haldane akamwambia. "Hakijawahi kulia hata siku moja. Sisi tunatengeneza mbolea, Pruitt. Hatuchunguzi mboga."

Chombo kweli hakikuwahi kulia, na sababu yake aliijua hata mtoto wa Petit Bois. Lango kuu lilikuwa upande upepo unakotokea. Mwaka mzima kilipumua hewa ya mashamba ya miwa, wakati moshi ulikwenda upande wa pili, kwa watu.

Pruitt aliwasimulia maneno yale akiwa barazani, kwenye kiti kisicho na ndoo. Odile alisikiliza akimenya maharage. Mbolea na mboga. Akayarudia maneno hayo mara mbili, taratibu.

"Sherehe ya kamba ni lini mwaka huu?" akauliza.

Kila Mei kiwanda kilifanya sherehe ya ujirani mwema kwenye uwanja wa nyasi ulio kati ya uzio na kanisa. Kamba wa matope walichemshwa kwa magunia, pamoja na viazi, mahindi na malimau, wakamwagwa mezani, watu wakasimama wakila kwa mikono. Mkurugenzi alitoa hotuba. Watu wa Petit Bois walikwenda, kwa sababu kamba ni kamba, na anayewachemsha alikuwa Clovis.

"Jumamosi ya tatu," Pruitt akasema. "Kwa nini?"

"Meza zenu huwa uchi. Inasikitisha."

Siku ya pili yake alimpigia binti wa ofisini, kwa ile ile nambari ya malalamiko. Binti alianza kutafuta fomu. Odile akamwambia hapana, leo halalamiki, leo wanawake wa kanisa wanataka kujitolea kupamba meza na kushona aproni za wageni rasmi. Binti alifurahi mpaka sauti ikapanda. Akauliza rangi gani.

"Zambarau," Odile akasema. "Rangi ya heshima."

Walichemsha kabichi siku mbili katika masufuria ya shule ambayo Odile alikopeshwa na mpishi aliyemrithi. Shuka za pamba zikaletwa kutoka kila nyumba, zikatumbukizwa, zikakamuliwa, zikaanikwa ndani ya ukumbi wa kanisa, madirisha yamefungwa. Mikono ya Verdell ilipata rangi mpaka viwiko, akawa anaishika mbele yake kama askofu.

"Hili shuka silitoi," alisema, akivuta moja lenye taraza. "Ni la harusi yangu."

"Harusi ipi, wifi? Yule bwana alikimbia kabla shuka halijapata mkunjo."

"Alikimbia baada ya kula kwako. Mwenyewe alisema chumvi."

"Lete shuka hapa."

Akalitoa.

Alhamisi Pruitt alifika bila kuitwa, uso umemsawajika. Sehemu moja ya kiwanda ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, akasema. Ilikuwa iwashwe Ijumaa, lakini fundi amechelewa, sasa itawashwa Jumamosi saa tano asubuhi. Na kila inapowashwa, kuna gesi inayoachiwa kwanza. "Nimemwandikia mkurugenzi kwamba sherehe iahirishwe. Amejibu kwamba soda zimeshaagizwa."

Odile akaweka kijiko chini. Hilo hakulitarajia. Alikuwa ametegemea upepo wa kawaida na harufu ya kawaida, ile ya kila wiki, kidogo tu ya kupaka rangi aproni. "Itakuwa nyingi kiasi gani?"

"Ya kuwatoa machozi. Kuzidi hapo, king'ora cha ndani hulia na wanazima."

"Hujatuambia haya kwa ajili ya kitambaa."

"Hapana. Nimewaambia kwa sababu mna haki ya kujua. Nikae kimya mara ngapi?"

Mchana ule Odile alipita nyumba hadi nyumba. Wenye watoto wa pumu aliwaambia waje baada ya saa saba, chakula chao atawawekea. Wenye mimba aliwaambia hivyo hivyo. Wengine aliwaeleza kila kitu, akawapa hiari, na hakuna hata mmoja aliyesema hatakuja. Habari ya aproni ilikuwa imeshatangulia mbele yake. Mwisho akaenda kwa Clovis.

"Wewe utakaa nyumbani."

"Na kamba atawachemsha nani? Wewe? Si ndiye uliyeunguza unga?"

Odile alimgeukia kwa hasira. "Nani kakwambia?"

"Verdell kamwambia kila mtu mwenye masikio. Nitaweka majiko upande wa tuta, upepo ukiwa nyuma yangu. Miaka hamsini naukohoa moshi wao nikiwa peke yangu. Jumamosi nataka mtu mwingine akohoe nami nimwangalie."

Odile akageuka akarudi nyumbani.

Jumamosi ilikuja na joto la unyevunyevu, upepo mwepesi ukitoka kiwandani kuelekea kanisani. Meza ishirini zikavikwa zambarau. Wanawake walipita na ndoo wakinyunyiza maji juu ya vitambaa, na mtumishi mmoja wa kiwanda alipouliza, Verdell akamjibu kwamba ni ili upepo usiviinue. Yule mtu akaona ni akili nzuri, akaenda kuwasaidia. Wageni rasmi wakafungwa aproni mbichi shingoni. Bwana Haldane, mtu mnene mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, alisema baridi yake inaburudisha.

Kwenye saa tano na robo alipanda jukwaani. Watu walikuwa wamesimama mezani, mahindi mkononi, kimya kuliko ilivyowahi kuonekana kwenye sherehe ile. Odile alikuwa amewaomba jambo moja tu, wasicheke mapema.

"Majirani zangu," Haldane akaanza, "kuna wanaosema mambo kuhusu hewa yetu. Mimi nimesimama hapa pamoja nanyi, naivuta hewa hiihii mnayoivuta."

Nyuma yake, ng'ambo ya uzio, bomba fupi likatoa wingu jeupe. Lilishuka badala ya kupanda, likatambaa juu ya nyasi. Clovis alijaza kifua upande wake wa tuta, akasubiri.

Ilianzia upindo. Aproni ya mkurugenzi ikaingia bluu kwenye kingo, kama mtu aliyekanyaga wino. Bluu ikapanda. Ilipofika kitovuni, upindo ulikuwa umeshakuwa kijani.

"Chombo chetu cha kupimia," Haldane alikuwa anasema, "hakijawahi kulia hata siku moja."

Akaona watu wote mia mbili wanamtazama tumboni. Akapoteza sentensi. Akaufikisha mkono mmoja chini taratibu, kwa siri, akakagua zipu. Zipu ilikuwa imefungwa. Ndipo alipoinamisha kichwa.

Kufikia hapo meza zilikuwa zinageuka moja baada ya nyingine, kutoka uzioni kuja kanisani, kiasi kwamba mtu aliweza kuona gesi inatembea. Harufu ikafika. Macho yakaanza kutoka machozi, mkurugenzi akakohoa kwenye kipaza sauti, na kikohozi chake kikaenda mpaka mtoni.

"Nini hiki?" akasema. "Mmeweka nini humu?"

Odile alikuwa ameshafika chini ya jukwaa. "Kabichi, Bwana Mkurugenzi. Ile mboga msiyochunguza."

Haldane akatafuta haraka. "Ni viungo vyenu. Hizi pilipili, hii michuzi, ndiyo imeharibu kitambaa. Kila mtu anaona."

"Hebu tuone," Odile akasema. Akapanda ngazi mbili, akachukua nusu ya limau kutoka kwenye sahani ya mkurugenzi mwenyewe, akaliminya kifuani pake, palipokuwa kijani. Alama ikaenea waridi, nzuri, kama shavu la bibi harusi. "Kama ni chakula chetu, inakuwa hivi. Angalieni mezani mlipomwagia ndimu na siki, ni waridi tupu. Hiyo kijani si ya kwetu. Hiyo imeruka uzio."

Hapo ndipo walipocheka, na walikuwa wamejizuia kwa muda mrefu. Walicheka na kukohoa kwa pamoja, leso usoni. Clovis kwenye tuta, aliyekuwa kwenye hewa safi, alicheka peke yake bila kukohoa hata mara moja, na baadaye alisema hicho ndicho kilikuwa kitamu kuliko kamba.

Odile hakukaa kufurahia. Aligeuka akawaambia watu waingie ukumbini, masufuria yabebwe, madirisha yafungwe. Akasimama mlangoni akihesabu vichwa kama alivyokuwa akihesabu watoto wakati wa mazoezi ya moto. Mkurugenzi naye aliingizwa, akakalishwa kwenye benchi, akapewa taulo lenye maji. Macho yake yalikuwa mekundu kama kamba aliyeiva.

Pruitt akamjia na ubao wa kuandikia.

"Bwana, fomu inataka jina la mlalamikaji."

"Mimi silalamiki," Haldane akasema, machozi yakimdondoka kidevuni.

"Sawa. Basi nakuandika shahidi."

King'ora cha ndani kililia dakika chache baadaye, mashine zikazimwa. Saa saba hewa ilikuwa imetulia, watoto wakaja, wakakuta chakula chao kipo.

Picha za aproni zilizunguka kwenye simu kuliko za sikukuu yoyote. Kiwanda kilitoa barua ya kusikitishwa na kile ilichokiita tukio la mapambo. Watu wa mazingira wa jimbo walikuja na gari lao, wakaweka kipima hewa kipya nyuma ya kanisa, na kililia siku ya nne, tena saa mbili asubuhi, wakati Verdell yuko bafuni. Alitoka na povu kichwani akidhani ni kiama. Kikaendelea kulia mpaka, mwaka uliofuata, kiwanda kikajenga mnara wa kuoshea ile gesi kwa maji kabla haijatoka. Harufu haikuisha. Ilipungua, ikawa ya mara moja kwa miezi miwili badala ya kila wiki. Kifua cha Clovis hakikupona. Mapafu hayana mnara wa kuyaosha. Lakini daktari alifuta neno sigara kwenye faili lake, na Clovis alilitembeza hilo faili mtaani kama cheti cha shule.

Pruitt alikwenda mwenyewe kwa mkurugenzi akasema habari ya pua yake, kabla hajasemewa. Walimtoa kwenye malalamiko, wakampeleka ghala la magunia, kusimamia mizani. Anasema ni kazi nzuri, mizani haimwombi maoni. Jumapili huja na mkewe na mtoto kula kwa Odile, ambako hatimaye kuna watu wa kutosha kwa sufuria zake, na Verdell humwadhibu Pruitt kwa kumwambia chakula kinanukia nini, kwa urefu, kama mchezo wa mpira redioni.

Kiwanda siku hizi hupiga simu kwanza. Wiki iliyopita ilikuwa binti yuleyule.

"Bi Narcisse, habari za asubuhi. Tunawaarifu kwamba Jumatano saa nne tutafungua bomba kwa dakika kumi na tano. Tunawaomba msianike nguo."

Odile alikuwa na kikapu cha nguo mbichi kiunoni. Alifikiri kidogo.

"Habari njema, mwanangu," akasema. "Nami nawaarifu kwamba Jumatano saa nne nitaanika nguo kwa dakika kumi na tano. Nawaomba msifungue bomba."

Upande wa pili kalamu ikasikika ikiandika.

"Nitamuuliza msimamizi," binti akasema.

"Muulize. Nasubiri hapahapa."